Ndama Amepiga Chafya

Kankindi hakuwa mtu wa kujibizana. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba dakika unazopoteza kumjibu mpumbavu zingetosha kumkamua ng'ombe mmoja hadi tone la mwisho. Ukimsema vibaya pale kwenye duka lake la maziwa, atakupimia maziwa yako, atakufungia kopo lako, atakuuliza kama watoto hawajambo. Basi. Ndiyo maana siku walipomwita mwizi wa maneno alinyamaza, na kidogo ukimya ule umponze.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na saba, mwenye ng'ombe wanne na simu ya kupangusa aliyonunuliwa na bintiye wa Kigali. Kwetu huku upande wa Nyagatare mwanamke mwenye ng'ombe si ajabu. Ajabu ilikuwa kwamba Sekamana, aliyenunua kwake ng'ombe mmoja na ndama wake kwa ajili ya mahari ya mwanawe, alimwambia mbele ya watu, "Ng'ombe umemlea wewe, mama. Siku ya harusi umsifu wewe mwenyewe."

Lo! Watu walitazamana. Ng'ombe wa mahari hakabidhiwi hivihivi kama gunia la maharage. Lazima mtu asimame mbele ya wakwe, fimbo mkononi, amtaje kwa majina ya sifa mpaka wakwe wajione wamepewa malkia. Kazi hiyo ni ya wanaume, na kilimani kwetu kwa miaka ishirini ilikuwa ya Gashugi peke yake. Sauti Gashugi anayo, hilo hakuna wa kumnyima. Akifungua kinywa, hata mbwa wanakaa chini.

Basi, siku moja kabla ya harusi, watu wa bwana harusi walikutana uani kwa Sekamana kusikiliza maneno yatakayosemwa. Asubuhi hiyo kila aliyeingia alisalimu, "Makundi ya ng'ombe!" na wenyeji wakamwitikia, "Na yawe majike!" Mtindi ukazungushwa. Kankindi akasimama, akashika fimbo aliyoazimwa, akasema taratibu:

"Huyu ni Bihogo, Mzuia-Njia,
mama wa Aliyekuja Kinyumenyume,
aliyeupa ulimwengu kisogo kwanza,
akaukubali kwa unyasi mmoja puani!"

Akaendelea mpaka mwisho. Alipokaa, wanawake walipiga vigelegele, na Sekamana akapiga goti lake kwa kiganja. Gashugi ndiye aliyebaki anakoroga mtindi wake kwa kidole.

"Maneno matamu," akasema. "Umeyatoa wapi, mama?"

"Kichwani kwangu."

"Kichwani!" Akacheka peke yake. "Jamani, mimi sifa zote za nchi hii nazijua, za baba zetu na za babu zetu. Hili la unyasi puani silijui. Kama silijui mimi, si la wazee. Na kama si la wazee, limetoka kwenye simu. Naapa kwa aliyenipa ng'ombe!"

Uwanja ukapoa. Msidhani lilikuwa neno dogo. Mwezi uliopita, kilima cha pili, kijana mmoja alisimama kusifu, kumbe amenakili kila kitu mtandaoni, na wakwe walikuwa wamekwisha kukisikia kwenye simu zao. Kila alipoanza sentensi, wao wakammalizia. Ukoo mzima ulirudi nyumbani vichwa chini, na mpaka leo watoto shuleni wanataniwa.

Sekamana akamgeukia. "Mama Kankindi, sema basi neno."

Kankindi hakusema. Ameshasema yametoka kichwani. Kurudia ya nini?

"Mwenye haki huwa anatetemeka hivyo?" Gashugi akauliza. Kweli sauti ya Kankindi ilikuwa ikitetemeka tangu aanze kusifu.

Hapo akainuka Umutoni, binti mkubwa wa Sekamana, mwalimu wa sekondari, mtu asiyependa mambo ya kuzungukazunguka. "Si jambo gumu hili. Simu inakumbuka kila kitu ulichotafuta mtandaoni. Inaitwa historia. Shangazi, nipe simu yako niangalie hapa hapa, mbele ya wote. Kama hukutafuta sifa za ng'ombe, yaishe."

"Hapana," akasema Kankindi, na akaiweka simu chini ya kitenge chake.

Mnaona ilivyokuwa? Hata waliokuwa upande wake walianza kukwepa macho yake. Gashugi alifungua mikono, kama kusema mimi sina la kuongeza.

Lakini Kankindi hakuwa anaficha sifa. Alikuwa anaficha aibu yake nyingine, na aliijua vizuri imo humo ndani ya simu, imejirudia na kujirudia. Akaitazama fimbo. Akafikiria kesho, Gashugi amesimama mbele ya wakwe anamsifu Bihogo kwa maneno ya ng'ombe wengine waliokufa zamani, Bihogo wake, ambaye Gashugi hajui hata chuchu ipi ina kovu. Afadhali aibu, akasema moyoni, na akaitoa simu.

Akaweka kidole gumba kifungue. Simu ikakataa. Akaweka tena, ikakataa. Kukamua miaka arobaini kulikuwa kumemfuta alama zote za kidole, na watu wakacheka kidogo, cheko la huruma. Akaandika namba za siri, akampa Umutoni.

Umutoni akagusa vinukta vitatu pale juu, akafungua historia. Kwanza akatafuta humo maneno "sifa za ng'ombe." Hakuna. "Majina ya ng'ombe." Hakuna. "Mahari." Hakuna.

"Amefuta!" Gashugi akadakia.

"Subiri, mzee, sijamaliza." Akashuka na kidole, siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, mpaka akasimama. "Hii ni ya miezi miwili nyuma. Saa kumi na dakika tano alfajiri. 'Ndama ametanguliza miguu ya nyuma, nifanyeje.' Saa kumi na dakika saba: 'Nivute juu au chini.' Saa kumi na dakika ishirini na sita: 'Ndama hapumui.' Dakika ya ishirini na saba..." Akamtazama Gashugi. "'Unyasi puani mwa ndama, niingize kiasi gani.'"

Nyuma ya ua Bihogo mwenyewe alisikika akicheua.

"Halafu kuna hii. Saa kumi na nusu." Sauti ya Umutoni ikashuka. "'Ndama amepiga chafya.'"

"Sasa hapo alikuwa anauliza nini?" akasema mtu.

Kankindi akainama. "Sikuwa nauliza. Nilikuwa peke yangu zizini. Nilitaka kumwambia mtu."

Wanawake wawili walijifuta macho, na mimi siwalaumu. Sekamana aligeuka akatazama upande wa zizi kwa muda mrefu. Mzee mzima, akawa anakohoakohoa bila kikohozi.

Gashugi bado hakukubali. Kichwa chake kigumu, huyo. "Hayo ni ya ndama. Ya sifa kayafuta, nawaambieni!"

Umutoni akaendelea kupandisha, akasita. "Shangazi, nisome?"

Kankindi akaitikia kwa kichwa, macho chini.

"'Je, ni mwiko mwanamke kusifu ng'ombe harusini.' Ametafuta mara kumi na moja, kwa siku tisa. Na hii: 'Sauti kutetemeka mbele ya watu, dawa yake.'" Umutoni akaizima simu. "Mzee Gashugi, mtu anayejua kufuta angefuta ya wizi, akaacha hizi?"

Hakuna aliyecheka. Ile aibu aliyoiogopa Kankindi ilitua pale katikati ya uwanja, na watu wakaitazama kwa heshima. Alihisi mgongo wake unanyooka wenyewe.

"Nina swali moja tu," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikutetemeka. "Mzee Gashugi, umeapa kwa aliyekupa ng'ombe. Ni ng'ombe yupi?"

Weee! Kicheko kilichopasuka pale kilisikika mpaka barabarani, maana kila mtu kilimani anajua kwamba Gashugi hana hata ndama, na kopo lake la maziwa liko kwenye rafu ya Kankindi, la tatu kutoka mlangoni. Gashugi mwenyewe alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka machozi. Kisha akafanya jambo ambalo mimi namheshimu kwalo hadi leo. Aliinuka, akaichukua ile fimbo ya kuazima kutoka mkononi mwa Kankindi, akaweka pale yake mwenyewe, iliyolainishwa kwa siagi miaka ishirini.

"Hiyo nyingine ni fupi," akasema. "Na unapofika kwenye unyasi, mama, simama kidogo. Usiwahi. Waache wasubiri chafya."

Kesho yake Kankindi alisimama mbele ya wakwe. Alipofika kwenye unyasi alisimama, kama alivyofundishwa, na watu mia mbili wakashika pumzi. Alipomaliza, babu ya bibi harusi, mtu ambaye husimami mbele yake bila kujikagua kwanza, aliinuka kwa mkongojo wake na kupaza sauti, "Makundi ya ng'ombe, mama!" Ukumbi mzima ukaitikia, "Na yawe majike!" Kwetu salamu kubwa kama hiyo hupewa mtu aliyekabidhi ng'ombe na akajua anachokabidhi.

Jioni jua likiwa bado juu ya mlima, Umutoni alimfuata dukani akamkuta anaosha makopo. "Shangazi, njoo nikufundishe kufuta ile historia. Watu wasije wakaichungulia tena."

"Iache ikae," Kankindi akasema. "Iko vizuri."

Umutoni alipoondoka, alipangusa mikono kwenye kitenge, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaandika namba za siri. Pale mahali pa kutafutia, kwa kidole kisicho na alama, akaandika polepole: "Nimemsifu Bihogo." Akabonyeza.