Rangi ya Kabula

Mimi nina hasira za karibu, na sioni haya kusema. Mke wangu husema zinachemka kabla ya maji ya ugali. Kwa hiyo nikikwambia kwamba kwa miaka minne sikuongea na Limi, binti yangu wa kumzaa, wala kukanyaga saluni yake, usifikiri nilikosa nauli. Kutoka kwetu karibu na Songwa hadi Shinyanga mjini si mbali. Sikwenda kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na nilikasirika kwa sababu ya ng'ombe wawili.

Limi ndiye mtoto wangu wa kwanza. Kabla wadogo zake hawajapata miguu ya kuchunga, yeye ndiye alikuwa mchungaji wangu, mtoto wa miaka kumi na fimbo ndefu kuliko yeye. Sisi Wasukuma ng'ombe tunamjua kwa rangi yake, na rangi za ng'ombe ni nyingi kuliko watu wa mjini wanavyodhani. Kuna wekundu wa udongo mbichi na wekundu wa udongo uliokauka. Kuna kijivu cha majivu ya leo na kijivu cha majivu ya jana. Limi alizijua zote. Ndama akizaliwa, alipuliza manyoya ya ubavuni, akaangalia shinani, kisha akasema, "Baba, huyu sasa hivi amepauka, lakini akikua atakuwa kama mama yake." Na ndama akikua anakuwa kama mama yake kweli. Nilikuwa najivuna naye mnadani mbele ya wenzangu.

Alipomaliza kidato cha nne niliuza mitamba wawili ili akasome ushonaji kwenye chuo cha ufundi. Mmoja wao aliitwa Kabula, mwekundu wa kuiva, shingo inang'aa kama chungu kilichopakwa samli. Sijapata tena ng'ombe wa rangi ile. Mwezi wa tatu wa masomo nikasikia kwamba Limi ameacha cherehani na kuhamia darasa la saluni. Nikampigia simu. "Kwa hiyo Kabula wangu ameliwa na nywele za watu?" Nikakata kabla hajajibu, na tangu siku hiyo salamu zetu zikawa zinapitia kwa mama yake.

Mwaka uliofuata kukazuka jambo zizini. Asubuhi moja nikakuta ng'ombe watatu wamekatwa singa za mkia, zimekatwa vizuri kabisa, kwa mkasi. Baada ya miezi kadhaa, wengine wawili. Kwetu mtu hakati mkia wa ng'ombe wa mwenzake kwa mchezo. Nikaenda kwa mganga, akala kuku wangu mweusi, akaniambia adui yangu anakaa upande jua linakozama. Upande huo anakaa Ngusa, jirani yangu, ambaye tulichimba naye lambo moja la kunyweshea ng'ombe tukiwa vijana. Nikaacha kumsalimia. Mke wangu, kila nikilitaja jambo hilo, alikuwa anainuka kwenda kuangalia kuni.

Sasa mwaka jana, mwezi wa nane, Wema, binti wa dada yangu Martina, akaposwa na watu wa Geita. Watu wa Geita unawajua, dhahabu wanayo na hawaifichi. Martina akaapa kwamba siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, wageni hao hawatatupita kwa kitu. Wanawake tisa wa ukoo wakanunua sare ya kitenge, kama kawaida. Halafu Martina akaja na jipya: sare ya nywele. Vichwa tisa, rangi moja. Mke wangu akasema basi waende kwa Limi. Martina akacheka. "Vichwa vyetu tumpelekee mchunga ng'ombe?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye.

Siku ya Jumatano wakaenda saluni moja kubwa huko mjini. Wote tisa wakapakwa dawa ileile, kutoka bakuli lilelile, kwa dakika zilezile. Kumbe wengine walikuwa na kanta ya miaka mingi, ile nyeusi ya kufichia mvi, wengine walikuwa na dawa ya kulainisha, na wengine nywele zao za kuzaliwa. Wakatoka na rangi tisa. Mmoja alikuwa chungwa, mwingine ana madoa kama kanga wa porini. Mke wangu, ambaye mvi zake hazijawahi kuguswa, alirudi njano mpaka mbwa wetu akambwekea.

Alhamisi kulipokucha tu, Martina alikuwa mlangoni kwangu, kilemba kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Sendofu ilikuwa Jumamosi.

"Kaka, nenda kamwombe Limi. Mimi siwezi, nilimdharau."

"Hata mimi siongei naye."

"Wewe ni baba yake. Wageni wakitucheka, mwanangu ataolewa na kicheko hicho. Atakaa nacho huko Geita maisha yake yote."

Nikavaa koti, nikaenda. Pale stendi nilimtajia mtu wa bodaboda jina la Limi, naye hakuuliza ni wapi. Hilo lilinichoma kidogo, kwamba mtu wa bodaboda anajua kwa mwanangu na mimi sijui.

Ni chumba kimoja nyuma ya soko, viti vitatu, kioo kirefu. Limi alikuwa anaosha kichwa cha mteja. Aliponiona, mikono yake ikabaki ndani ya povu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Maneno niliyoyapanga ndani ya basi yote yalikuwa yamekimbia. "Mayu, mwanangu, nimekuja kukuomba. Mama yako na shangazi zako wameharibiwa vichwa. Wasaidie."

Hakuniuliza nilikuwa wapi miaka minne. Aliuliza, "Wako wangapi?"

Nikampigia Martina simu, na saa nne wote tisa walikuwa wamejaa humo ndani. Mimi nikapewa stuli karibu na ukuta, na nilipoinua macho nikaona ubao. Umepigiliwa misumari midogo, na kila msumari una fungu la singa lililofungwa uzi, jina limeandikwa chini yake kwa chaki. Nikasimama. Sikuhitaji kusoma majina. Yule kijivu mwenye ncha nyeusi ni wangu. Yule wa maziwa yaliyoungua ni wangu. Wote walikuwa wangu.

"Limi! Nani amekata mikia ya ng'ombe wangu?"

Mke wangu akajifunika taulo usoni.

"Ni mimi, baba. Kila nilipokuja likizo, usiku ukiwa umelala. Mama alinishikia pembe."

"Na mimi nimemnyima Ngusa salamu miaka mitatu!"

Wanawake wale, na vichwa vyao vilivyoharibika, walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Limi hakucheka. Akaja akasimama karibu nami. "Kadi za rangi za kiwandani zilikuwa zinanichanganya," akasema. "Hizi nilizijua tangu utotoni. Mteja akija, namwonyesha huu ubao." Kisha akagusa fungu la juu kabisa, jekundu la kuiva. "Huyu nilimkata siku ya mnada, nibaki na kumbukumbu yake, wewe ulipokuwa unakunywa chai na wanunuzi. Ndiye anayeombwa kuliko wote hapa mjini."

Chini yake paliandikwa Kabula. Nikajifanya nakohoa.

Akalitoa fungu lile msumarini, akalisogeza kwenye kichwa kimoja kimoja. "Nywele iliyoungua na dawa haiwezi kung'arishwa tena," akawaambia. "Tutashuka wote kwenye rangi nzito zaidi mpaka tukutane kwa Kabula." Akapanga mabakuli tisa, kila moja na mchanganyiko wake. Kwanza akampaka kila mmoja tone nyuma ya sikio na kuwaambia wasubiri mpaka kesho asubuhi, aone kama ngozi itakataa. Martina akaanza kulalamika kwamba siku zimekwisha, na kwa nini asikoroge bakuli moja tu.

"Shangazi, ng'ombe dume ni mmoja lakini mama ni tisa. Ndama watatokaje sawa? Kaa."

Martina, ambaye hata mumewe hamwambii kaa, akakaa.

Ijumaa alianza saa moja asubuhi, na hakuketi hata kula. Mikono yake ilikuwa inakwenda bila haraka, anapuliza nywele, anaangalia shinani, kama zamani zizini. Saa kumi aliwatoa wote nje, juani, wakapanga mstari. Niliwakagua kama nikaguavyo ng'ombe wa kununua. Sikuona tofauti hata ya unywele mmoja. Mke wangu alinipita akiwa ameinua shingo, na nilimwona msichana niliyemuoa.

Jumamosi watu wa Geita walikuja na hereni zao na mikufu yao. Wanawake wetu tisa walipoingia wakicheza, vigelegele vilipasuka ukumbi mzima. Shangazi wa bwana harusi akashindwa kujizuia. Akamwomba mshereheshaji kipaza sauti, akauliza rangi ile inaitwaje na wameipata nchi gani.

Martina akanitazama. Nikainuka upande wa wanaume, sikungoja kipaza sauti.

"Inaitwa Kabula! Alikuwa ng'ombe wangu, nilimuuza ili binti yangu asome. Nikamkasirikia binti huyo miaka minne, nikidhani ng'ombe amepotea. Hajapotea, mnamwona. Fundi ndiye yule pale karibu na mlango, anaitwa Limi, na mimi ndiye baba yake!"

Limi alijifunika uso kwa viganja viwili. Wageni wanne walichukua namba yake kabla chakula hakijaisha.

Jumapili nilikwenda kwa Ngusa, nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akasema nimletee kuku kama yule aliyeliwa na mganga. Nikampelekea.

Jumatatu asubuhi mke wangu alinikuta zizini, nimeinama nyuma ya ndama wa wiki tatu mwenye rangi ambayo hata mimi sijaipatia jina.

"Baba Limi, unafanya nini na mkasi wangu?"

"Huyu hayumo ubaoni," nikamjibu. "Njoo unishikie."