Kubandua si Kuchuna

Baba alizisema vibaya enzi za maduka matupu mpaka anaingia kaburini. Ruksa ya biashara huria ilipokuja na bidhaa zikajaa, alitamba yeye utadhani kazileta. "Siku hizi sokoni Majengo kila kitu kipo!" Basi bibi, mama yake mzazi, alipomwagikiwa mkononi na pombe ya ulezi inayochemka, zahanati ikatupatia bandeji, ikasema plasta tukanunue wenyewe. Baba akarudi na utepe mpana wa kahawia. Ule wa kufungia maboksi, jamani! Akauzungusha mpaka kwenye ngozi isiyoungua, akajisifu kwamba huo haubanduki.

Kweli haukubanduka. Siku ya kubadilisha bandeji baba alishika ncha, akasema, "Mama, jikaze, ni mara moja tu," akavuta kama ananyonyoa kuku. Ngozi ya bibi ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Ikatoka na utepe. Bibi hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Mwanangu, umenichuna." Nilimchukia baba siku ile, sifichi.

Nesi alipouona mkono aliuliza, "Nani kamchuna bibi hivi?" Baba akatazama ukuta. Nesi akanifundisha mimi: paka mafuta kwenye kingo za plasta, mbali na kidonda, subiri gundi ilainike, kisha ikunje irudi nyuma ikiwa imelala, huku mkono mwingine umeshikilia ngozi. Unabandua, huvuti. Tangu hapo bibi hakutaka mkono mwingine ila wangu, na baba hakuthubutu hata kusogea. Lakini pale palipochunika paliingia usaha. Mkono ukavimba hadi kwapani, homa ikampanda, na sala zetu zote pale kijijini Mollo hazikufua dafu.

Alipofariki, wanawake tulimwosha chumbani. Jirani mmoja akashika ncha ya plasta ya mwisho. "Vuteni tu, si haumii tena."

"Msimchune!"

Alikuwa baba, nyuma ya pazia, mahali ambapo mwanamume haruhusiwi kupita. Mkono wake ukapenya na chupa ya mafuta ya alizeti. "Mwanangu, mbandue wewe. Taratibu."

Nikapaka, nikasubiri. Wanawake wakaguna, maji yakapoa, nami sikuwajali.

Nilipotoka baba aliniuliza neno moja tu.

"Imebaki?"

"Ngozi imebaki, baba. Yote."