Meya wa zamani alivyokuja kwetu Kibirichia kuomba kura

Wakuu, salamu zenu. Humu mimi ni msomaji tu, lakini leo hii kitu imenilemea. Sitaongeza chumvi.

Kuna jamaa alikuwa meya jijini, enzi zile kabla cheo chenyewe hakijafutwa. Jina naliweka kando. Alibomoa vibanda vya akina mama, na kimoja kilikuwa cha mamangu. Kanjo, wale askari wa jiji, walikuja na tingatinga asubuhi, chai ikiwa jikoni.

Mama akarudi Kibirichia kulima waru, hivi viazi vyetu.

Mheshimiwa naye akakumbuka kwao, huku huku kwetu. Akagombea ubunge, akaanguka. Uchaguzi uliofuata akarudi, msafara umebaki gari moja. Akabisha hodi kwetu.

Mama akampa chai. Alitaka kitu kimoja tu kutoka kwake: aombwe msamaha. Alikuwa amengoja miaka.

"Mheshimiwa, kile kibanda mlibomoa pale stage kilikuwa changu."

Jamaa akapuliza chai. "Mama, hiyo ilikuwa kazi ya ofisi. Sasa tuangalie mbele, ama?"

Mama akainuka. Akamjazia mfuko wa waru, zile kubwa za kupeleka soko. Kwetu mgeni hatoki mikono mitupu, hata kama ni adui. Mimi nilikuwa nimejaa hasira.

Na bado akampigia kura! Nikamuuliza, mama, kweli? Akasema, "Labda akipata kiti atatulia, akumbuke."

Akaanguka tena. Mama naye akaugua, akatuacha. Nililia kama mtoto, sioni haya kusema. Meya hakutuma hata salamu.

Sasa juzi amekuja tena. Safari hii ni MCA, udiwani wa kawadi ketu haka. Amekonda, koti linamning'inia. Kusema ukweli nilimhurumia.

"Mamako alikuwa mtu wangu sana. Ako wapi nimsalimie?"

Nikampeleka kaburini, kando ya shamba. Akavua kofia, akainamisha kichwa. Nikangoja. Wakuu, nilingoja kwa niaba ya mama.

Akavaa kofia. "Sasa hapa nyumbani mmebaki kura ngapi?"

Nilimsindikiza hadi kwa gari, na waru zilikuwa zimejaa store. Akaondoka mikono mitupu.

Funzo nililopata: ukingoja mwanasiasa akuombe msamaha, utazikwa ukingoja.

Nyinyi mngefanyaje? Nitukaneni mkitaka. Mimi najua mama angempa waru, na hilo ndilo linaninyima usingizi.