Kikombe Chenye Ua la Buluu

Kadhia nzima ilitugharimu seti ya vikombe vya kahawa, kioo cha dirisha, na mjomba. Nimehesabu mara mbili. Dawa zilikuwa bure, jambo lililonitia shaka tangu mwanzo. Mimi mtu wa soko la Ibra, kitu cha bure hukigeuza kwanza nikakitazama chini.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mjomba, kaka yake mama, alikaa kwetu, akiendesha lori la maji njia ya Al Kamil. Alikohoa msimu mzima wa baridi mpaka kanzu ikamning'inia kama iko msumarini. Hospitali wakasema: kifua kikuu.

Mama hakungoja maelezo. Vikombe vyote alivyowahi kunywea mjomba akavitupa, akamnunulia chake peke yake, chenye ua la buluu. Kwetu kahawa hunywewa kwa zamu: kikombe hicho hicho huchovywa kwenye bakuli la maji akapewa wa pili. Sasa zamu ikawa inamruka mjomba. Kisha mama akalipigilia misumari dirisha la majlis, chumba chetu cha kupokelea wageni, baridi isimwingie kifuani, akawasha hita. Tukakaa naye humo sote kila jioni, tukijiona tumejihadhari.

Nesi alipokuja kutupima, alikiona kikombe.

"Hiki cha nini, bibi?"

"Cha mgonjwa. Asituambukize."

"Maradhi haya hayapiti kikombeni, yanapita kwenye pumzi. Na hilo dirisha?"

"Nimelifunga kwa ajili yake."

Nesi akashusha pumzi. "Kikombe mmekitenga, pumzi mnagawana."

Tulipoing'oa misumari, kioo kikapasuka. Mkono wangu nao, pale walipodunga sindano ya kupimia, ukavimba.

"Wewe si mgonjwa," nesi akaniambia. "Mdudu yumo, lakini amelala."

"Amelala kwangu, na kodi halipi?"

Hakucheka. Nikajaribu kumpunguzia mjomba miezi ya dawa: sita mingi, tufanye minne.

"Hapa si sokoni, kaka. Akiiacha njiani, mdudu huizoea dawa. Mdudu akirudi hapo, hana bei ya kupatana."

Basi mjomba akawa anameza vidonge kila asubuhi mbele ya nesi. Baada ya wiki kadhaa tukaambiwa haambukizi tena. Mama akasema "alhamdulillahi", na kikombe kikabaki pale pale kando yake. Nilikiona. Nilidhani tahadhari haizidi.

Alipomaliza dawa na kupona kabisa, mama alimtilia kahawa kwenye kikombe cha zamu, mkono ukimtetemeka. Mjomba akautazama ule mkono. Akachukua chake, akakisuuza, akakitia mfukoni. Wiki ile ile akahamia Al Kamil.

Kila Idi huja. Hula nasi sinia moja, hutania watoto. Kahawa ikifika, hutoa ua lake la buluu.

"Mjomba, si umepona?"

"Mimi nimepona, mwanangu. Nyinyi je?"

Mama huinuka akaenda jikoni.

Sielewi mpaka leo. Mdudu wangu bado amelala, na mimi hunywa kikombe cha zamu bila mtu kushtuka. Yeye asiye naye ndiye anayetembea na kikombe mfukoni. Mama amezeeka, anataka kaka yake anywe mkononi mwake kabla hajafa. Nimewaza Idi hii nikiombe kile cha ua, ninywe mbele ya watu. Lakini mjomba akiona ni mchezo? Nanyi mliowahi kumtenga mtu wenu mkidhani mnamlinda, nambieni: alirudi vipi?