Kunguru wa Uani Kwetu, Bawshar

Mwaka ule nilichoka mpaka kivuli changu kikawa kinabaki nyuma kupumzika. Mama alikuwa hawezi tena kushuka kitandani peke yake, na katika watoto wake niliyebaki naye ni mimi kitinda mimba, mwenye cheti cha masomo ya usiku nilichokipata nina mvi kichwani. Asubuhi ofisini, mchana dawa, jioni kumkanda miguu, na kati ya hapo naitwa mara elfu, na hapo napunguza. Kwa hiyo dada yangu mkubwa aliponiambia anarudi kutoka Alaska, kwamba tangu mumewe afariki hana la kufanya kwenye theluji, nusura nicheze barabarani. Akikaa nasi, nitapumzika. Lakini ana binti yake Qurum, hapa hapa Maskati, kwenye nyumba yenye vyumba vya kupotelea, na neno dogo tu lingetosha kumpeleka huko.

Mzigo wake ukatangulia, kreti refu kama basi. Ndani mna nguzo ya mwerezi aliyoichonga jirani yao, Mtlingit, katika wenyeji wa pwani ile ya baridi, kumkumbuka shemeji. Dada akanieleza kwenye simu. Juu ni Kunguru, ana jua mdomoni. Chini yake mzee kakumbatia kasha, maana zamani dunia ilikuwa giza na mzee yule kaufungia mwanga humo. Kunguru akajigeuza mjukuu wake, akalia na kulia mpaka kasha likafunguliwa. Alama za ukoo wake fundi hakuzitia, kwani hizo ni mali ya ukoo, hazitolewi ovyo. Chini kabisa kamchonga shemeji na kofia yake ya Kizanzibari, kawabeba wote.

"Usidhani wa chini ndiye duni," dada alisema. "Mzigo wote uko kwake."

Nikamtazama shemeji wa mbao, tukaelewana.

Mama nilimsogeza dirishani kwa kiti chake cha magurudumu. "Hilo dude lisiingie ndani," akasema. "Nna umri wote huu nasali humu, leo nitazamwe na kunguru?"

"Haliabudiwi, mama. Ni ukumbusho tu."

"Basi likumbushe huko huko nje." Hadithi ya dada nilikuwa nimeshamsimulia. "Na huyo mzee kaliliwa na mjukuu mpaka katoa kasha?"

"Ndiyo."

"Maskini. Kumbe na wao wana wajukuu."

Nikaisimamisha nguzo uani, karibu na ukuta. Jua la Maskati halina heshima kwa mgeni. Wiki haijapita, ufa ukatokea kwenye kofia ya shemeji, na mimi nikauona moyo wa dada unapasuka vile vile, kisha teksi inaelekea Qurum. Nikanunua mafuta ya mbao. Nikaziba ufa. Nikaleta mwavuli mkubwa wa ufukweni. Sasa nikawa na wazee wawili wa kuwapaka mafuta kila jioni, mmoja ananigombeza, mwingine ananitolea macho. Mgongo wangu ulikuwa ukilia kama mlango mbovu, na majirani wawili watatu walianza kunisalimia kwa sauti ya kumfariji mgonjwa.

Dada alifika alasiri moja. Hata buibui hajavua, akasimama mbele ya nguzo, akaugusa ule ufa. Nikaanza kujitetea: jua, upepo, mbao ya ugenini.

"Weye umeipaka nini?"

"Mafuta. Kila siku."

"Na mwavuli?"

"Isiungue."

Akanitazama mimi sasa, si nguzo. Akaitazama mikono yangu, macho yangu, kanzu yangu yenye madoa. "Mdogo wangu, kule inasimama nje, mvua yake, theluji yake. Inapasuka, inainama, siku ikifika inaanguka. Watu wanaiacha. Nani kakwambia ihudumiwe?"

Hakuna aliyeniambia.

Ndani mama akaita. Miguu yangu ikainuka yenyewe. Dada akanibonyeza bega, akanikalisha kwenye kiti kando ya nguzo.

"Kaa. Dawa zake zipi?"

"Za buluu, baada ya chakula. Atakwambia keshakunywa. Usimwamini."

"Mabegi yangu yatie chumba cha pembeni yake. Baadaye, si sasa."

Akaingia. Nikawasikia wanabishana, mama akiapa keshakunywa, dada akimcheka. Nikajiambia nitawasikiliza kidogo tu.

Adhana ya Magharibi ndiyo iliyoniamsha. Shemeji alikuwa wazi chini ya mbingu, yeye na ufa wake. Mwavuli ulikuwa juu yangu.