Mume Wangu Ndiye Aliyetafsiri Sentensi ya Farasi

Ndugu wa ukurasa, jina langu mulifiche, hapa Uvira tunajuana. Mimi ni mama wa miaka sabini na saba. Tangu mwezi uliopita siwezi kula sahani moja na mume wangu. Namuona kama kitu kilichooza.

Miaka michache baada ya uhuru tulisoma darasa moja, mimi na yeye. Mwalimu wetu, mtu wa Lubarika, alikuwa na kitabu cha sarufi ya Kiingereza chenye mifano ya farasi tupu. Farasi anakula, farasi alikula, farasi atakula. Hatukuwa tumewahi kuona farasi, tulicheka sana. Mume wangu ndiye aliyejua Kiingereza kuliko sisi wote.

Uasi ulipofika, waasi waliingia shuleni wakakuta sentensi ya Kiingereza ubaoni: farasi weupe watavuka mto kesho. Walimchukua mwalimu. Siku ya pili wakampiga risasi kando ya ziwa, wakasema alikuwa mpelelezi wa wazungu. Aliacha mke mwenye mimba.

Mwezi uliopita mjukuu wetu alileta somo la Kiingereza, wakati ujao. Mume wangu akamwandikia sentensi ile ile, anacheka. Mtoto alipotoka nikamuuliza anachekea nini. Akajibu huku anatafuna samaki.

"Waasi waliniita niwatafsirie. Miye niliwaambia farasi weupe ni wazungu, na mto ni Ruzizi."

"Na ulijua ni mfano wa kitabuni?"

"Nilijua. Lakini alikuwa amenipa zero mbele yenu, mbele yako weye. Ile iko mambo ya zamani, mama."

Nilichukua sahani yangu nikatoka uani. Mtu huyu nimemzalia watoto saba. Kikombe akikigusa nakiosha mara mbili. Kanisani yeye ni mzee, anasimama mbele anaomba kwa sauti, na mimi nageuza uso.

Jumapili hii binti ya mwalimu, yule aliyeachwa tumboni, anakuja na mbuzi kumshukuru mume wangu, maana yeye alimwambia zamani kwamba alijaribu kumtetea baba yake. Mimi ndiye nitakayempika mbuzi huyo. Nikisema, watoto wangu wataitwa watoto wa muuaji. Nikinyamaza, nitakaa mezani nikimsikia mama wa watu anasema aksanti.

Ninyi mnaosoma, mngekuwa mimi, mngemwambia binti huyo kabla mbuzi hajachinjwa?