Maneno ya Mama Rozalia

Mwalimu mstaafu Protasi wa Naipingo alikuwa na kazi moja tu iliyomtoa kitandani asubuhi: kuyaokoa maneno ya Kimwera ya mama yake, Rozalia. Wanawe walikuwa watu wa Kiswahili kitupu, na yeye mwenyewe, baada ya miaka thelathini ya ubao na chaki, alishasahau mengi. Akamkalia bibi yule miaka sita, daftari magotini, neno kushoto, maana kulia. Yakafika madaftari kumi na moja. Mwaka 2004 bibi akafariki.

Ofisini parokiani, Nachingwea, kulikuwa na kompyuta. Programu yake ya kuandikia ilikuja na kamusi ya Kiingereza humohumo ndani, lakini Kimwera, wapi! Hakikujulikana. Protasi, mbishi tangu utoto, akapata kwa padre mgeni programu ndogo ya kamusi, akaiunganisha mwenyewe na ile kubwa, mpangilio mmoja baada ya mwingine, kisha akaingiza maneno yote. Miaka miwili ya kwenda na kurudi kwa baiskeli. Ukibonyeza neno, maana yake inatokea. Jamani, mtu mzima alilia siku ile.

Na hapo ndipo alipojimaliza. Alivyoona mashine inajibu, akaamini imeshakijua Kimwera, basi. Akampa mkewe Dionisia madaftari yote afungie karanga za kuuza. Dionisia akamuuliza mara mbili kama ana hakika. Akamjibu kwa ukali kwamba asimfundishe kazi.

Mwaka 2007 kompyuta ikajaa virusi. Akaitwa Enock, fundi aliyehamia kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye adabu zake. Akahifadhi barua za padre na orodha za ubatizo, akafuta yaliyobaki, akaweka programu zote upya. Hakuna aliyemwambia habari za Protasi.

Protasi alipokuja alibonyeza neno la kwanza. Kimya. Akabonyeza la pili, la kumi. Enock akaitwa, akatafuta mpaka adhuhuri, kisha akakaa chini.

“Shikamoo tena, Mwalimu, na unisamehe. Kamusi ya Kiingereza imerudi kwa sababu inakuja na programu. Yako uliiweka mwenyewe, ikakaa kwenye mipangilio yako. Ile mipangilio nimeifuta.”

Protasi hakumgombeza. Angemgombeza kwa lipi? Alipanda baiskeli, akasukuma pedeli hadi Naipingo bila kumsalimia mtu, moyo umekufa kabisa.

Dionisia alisikia habari yote. Alipekua kapu la karanga, akapata karatasi moja iliyosalia. Alikuwa na desturi ya kuchana kila karatasi katikati, apate vifungashio viwili. Hii ilikuwa ya upande wa kushoto.

Protasi akaisoma polepole kwa sauti. Yalikuwa maneno tisa kwa mwandiko wake mwenyewe. Alijua maana ya mawili tu.